Eti mama kaanika dagaa mno, ndiyo maana picha ya goti imetoka nyeusi!!!

Wakuu, nipo kwenye daladala ya Igoma, bahasha mapajani, mkono unatetemeka. Herufi zikiruka mnisamehe.

Yule jamaa wa eksirei mnamjua. Simtaji. Yule wa ndala, anayeita wagonjwa kama kondakta anayegombea abiria. Huyohuyo.

Nimempeleka mama, goti linamsumbua toka masika. Picha ikatoka nyeusi. Siyo nyeusi hii mnayoijua, ni nyeusi ya sufuria la mama ntilie, ukiinua dirishani hata jua la saa saba halipiti. Nikamuuliza kwa adabu, kaka, mfupa uko wapi? Akaigeuza, akaipindua, akamwangalia mama toka kandambili mpaka kilemba, foleni nzima kimya, akasema: "Bibi umeanika dagaa Mwaloni miaka mingapi? Jua limekuingia mno."

JUA. LIMEMUINGIA. MNO.

Watu wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, akaanza na kuhesabu miaka!

Mimi nimeosha filamu Makoroboi huyo hajaota jino. Filamu ikitoka nyeusi imekula mwanga kupita kiasi, iwe ya harusi, iwe ya mfupa. Mionzi ikizidi, chembe nyingi za fedha zinageuka nyeusi kwenye dawa, basi. Aliyemtangulia mama lilikuwa jibaba limepigwa picha ya nyonga, na jamaa hakugusa hata kitufe kimoja. Goti la bibi wa kilo 45 likapigwa kipimo cha nyonga ya mvuvi. Halafu kosa la jua!

Akarudia. Ya pili nyeupe pee, utadhani kapiga picha ugali. Ya tatu kijivu, mfupa na nyama rangi moja, uji mtupu. Goti moja, picha tatu. Na bado kinachonichoma ni lile neno. Limekuingia. Mbele ya foleni. Mama yangu!

Sato wa Kukaanga: Nimewahi siti ya mbele. Bi mkubwa hesabu iliishia ngapi?

Mleta uzi: 31. Siyo hoja.

Ngosha Mpole: Hiyo ya kijivu alikimbilia kilovolti, yaani nguvu ya miale kupenya. Zikipanda, miale inapenya mfupa na nyama karibu sawasawa, utofauti unakufa. Weusi unarekebishwa kwa miliampia na sekunde, yaani wingi wa miale na muda wake. Ila wavivu wanajua ukiongeza kilovolti asilimia 15 tu, filamu inakolea kama vile umezidisha miliampia mara mbili. Halafu mkuu, ile nyeusi usiitupe. Weusi wa kipimo cha 3 unapitisha sehemu 1 ya mwanga kati ya 1,000, kwa dirisha utaona nini? Weka taa kali nyuma yake, mfupa unaweza kujitokeza. Nyeupe ndiyo haina tiba, mionzi haikuifikia, hakuna kilichoandikwa.

Mleta uzi: Kwa hiyo unamtetea? Kasema JUA!

Ngosha Mpole: Mimi nimesema taa.

Binti Kirumba: Ngoja kwanza. Makoroboi? Si wewe uliyenipiga pasipoti nikatoka meno na vifungo tu? Ukaniambia ngozi yangu "inameza flashi". Leo unalia na jua? 😂😂

Sato wa Kukaanga: Uzi umegeuka 😂

Mleta uzi: Dada, flashi ilikuwa mpya, sikuwa nimeizoea.

Binti Kirumba: Na yeye mashine ilikuwa mpya.

Kaka wa Nyegezi: Kwani filamu bado zipo? Kwetu ni kompyuta. Tena hiyo ndiyo mbaya, ukizidishiwa mionzi yenyewe inaipaka picha rangi nzuri, unaondoka unashukuru.

Mama Furu: Yote tisa. Huyo bibi ndiye anayeanika mchangani? Juzi nimenunua dagaa, jino limelia kokoto mpaka mtoto akaamka.

Sato wa Kukaanga: Mchanga na mavi ya kunguru. Hili lingefunguliwa uzi wake.

Mama Furu: Nimeosha maji matano! Na maji yenyewe yanatoka usiku wa manane, tunaishi ziwani tunakinga kama jangwani.

Kaka wa Nyegezi: Nyie mnayapata usiku? Sisi wiki ya pili.

Mleta uzi: Mama anaanika kwenye chanja, siyo chini. Tuheshimiane.

Mama Furu: Kwenye chanja? Ndoo bei gani?

Mleta uzi: Njoo inboksi.