Kukiri kwa makubaliano au kupambana hadi hukumu? Tupeane uzoefu, Tanzania na Kenya

Mleta mada
Wakuu, kuna swali halikosekani kwenye korido za mahakama. Mke au mama wa mshtakiwa ameshika karatasi ya mashtaka iliyokunjwa mara nne, anauliza: "Wakili wa Serikali anasema tukikiri shitaka la pili, la kwanza analiondoa. Tukubali?" Na jibu analitaka kabla mahabusu hawajapandishwa kwenye karandinga.
Wanaoijua kazi hii, mwageni mnachokijua. Majina ya watu na namba za kesi zao tuziache. Tuweke kitu cha kumsaidia huyo mama.

Mchangiaji wa 1
Aanze kwa kutulia. Hiyo "ofa ya leo tu" haimo kwenye sheria. Tanzania utaratibu huu wa kukiri kwa makubaliano uliingizwa mwaka 2019 kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, vifungu 194A hadi 194H, na unaruhusu mazungumzo wakati wowote kabla ya hukumu. Anayeanzisha anaweza kuwa upande wa mashtaka, mshtakiwa au wakili wake. Mkiiambia mahakama kwamba mnazungumza, shauri linaweza kuahirishwa mkazungumze. Hakimu haingii kwenye mazungumzo hayo. Asiye na wakili anaweza kuwa na ndugu, rafiki au mtu mwingine anayeruhusiwa kisheria, kwa hiyo mama asikubali kuachwa nje ya mlango.
Kitu cha kwanza cha kudai ni ushahidi, kabla hata ya kuongelea miaka: maelezo ya mashahidi, hati ya ukamataji mali, ripoti ya mkemia au daktari kama ipo. Bila hivyo unanunua mbuzi kwenye gunia.

Mchangiaji wa 2
Naunga mkono. Kusaini kabla ya kusoma maelezo ya mashahidi ni hapana.

Mchangiaji wa 3
Nawasalimu kutoka Kenya. Huku ni kifungu 137A hadi 137O cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, tangu 2008. Ibara ya 50(2)(j) ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kuarifiwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautumia. Itumieni hiyo kwanza, mazungumzo yafuate.
Kuhusu pengo la adhabu, mfano wa haraka: wizi wa mabavu chini ya kifungu 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, adhabu iliyoandikwa ni kifo. Ukishuka hadi 296(1), kiwango cha juu ni miaka 14. Mtu akiona pengo hilo anakimbilia kalamu. Ajiulize kwanza kama upande wa mashtaka unaweza kuthibitisha silaha, au kwamba walikuwa zaidi ya mmoja, au kwamba kulikuwa na kipigo. Kama hawawezi, hiyo 296(1) wanayomuuzia angeweza kuipata mwisho wa kesi bila kukiri chochote, na pengine akatoka kabisa.

Mchangiaji wa 4
Tanzania hesabu ni ileile. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauendi chini ya miaka 30. Wizi wa kawaida kiwango cha juu ni miaka 7. Kwa hiyo angalia kesi imesimama juu ya nini. Kama ni utambuzi wa usiku, rudini kwenye kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, iliyoweka maswali ya kuuliza: shahidi alimwona kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulitoka wapi na una nguvu kiasi gani, alimfahamu kabla? Shahidi aliyeandika "nilimtambua kwa mwanga wa taa" bila kusema taa ya aina gani wala ilikuwa wapi, huyo ni wa kuhojiwa kizimbani. Kesi ya namna hiyo siiuzi.
Kesi ya nyaraka ni habari nyingine. Saini yako ipo, fedha imeingia kwenye akaunti yako, taarifa ya benki imetolewa inavyotakiwa. Hapo zungumza mapema, mashahidi wakiwa bado hawajaitwa. Kila shahidi anayetoa ushahidi vizuri anapunguza ulichonacho mezani.

Mchangiaji wa 5
Mimi napingana na "mapema". Subiri uamuzi wa kama kuna kesi ya kujibu, yaani kama ushahidi wa upande wa mashtaka unatosha mshtakiwa aanze kujitetea. Mashahidi wanahama, wengine hawaji, mahakama inachoka na maahirisho.

Mchangiaji wa 4
Kaka, hiyo inamfaa aliye nje kwa dhamana. Aliye mahabusu anakula mwaka akisubiri shahidi asiyekuja.

Mchangiaji wa 6
Naona mnazungumzia adhabu, wakati wengi wanaangukia kwenye maelezo ya kosa. Niruhusuni niandike kwa urefu, maana hapa ndipo mtu anapoharibikiwa na hakuna wa kumrudisha.
Kukiri kwa kawaida kuna hatua zilizowekwa kwenye Adan dhidi ya Jamhuri, 1973, na zinafuatwa pande zote mbili za mpaka. Shitaka linasomwa na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa. Jibu lake linaandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Upande wa mashtaka unasoma maelezo ya kosa, anaulizwa kama ni kweli, na kama hana ubishi anatiwa hatiani. Hatua ya maelezo ni kinga yake. Chukua mtu aliyeshitakiwa kwa kupokea pikipiki ya wizi. Akijibu "ni kweli nilikuwa nayo, ila sikujua imeibwa", hajakiri. Kujua ni sehemu ya kosa, na hakimu anatakiwa kuandika kwamba amekana.
Kwenye makubaliano maelezo yanachapwa kabla, ofisini. Mtu analetewa kurasa nne, ukurasa wa tatu kuna sentensi moja: "huku akijua kuwa pikipiki hiyo imeibwa." Macho yake yako ukurasa wa nne, penye adhabu. Anasaini. Mahakamani anaapishwa, anaulizwa kama amesaini kwa hiari na ameelewa, anasema ndiyo. Basi. Maneno yale sita yamefunga mlango. Rufaa juu ya kutiwa hatiani hana tena, imebaki ya uhalali au ukubwa wa adhabu tu. Akitaka kutengua, sharti aonyeshe udanganyifu, upotoshaji au kulazimishwa, na kiapo chake mwenyewe kinamsuta.
Kwa hiyo someni kwa kalamu. Kila sentensi iulizwe: hili nilifanya? nilijua? nilikusudia? idadi ni hii? thamani ni hii? Gari la shemeji lililotajwa "lilitumika kutenda kosa" linaweza kutaifishwa kwa mstari huo huo mmoja. Kama sentensi si kweli, ifutwe kabla ya kusaini. Upande wa mashtaka ukikataa kuifuta, umeshakuambia kesi yao imesimama wapi.

Mchangiaji wa 7
Mchangiaji wa 6, Mungu akubariki. Hili la kuapishwa wengi hawalijui.

Mchangiaji wa 8
Mnawatisha watu bure. Ukikubaliana miaka miwili na wakili wa Serikali, unapata miwili. Ndiyo maana ya makubaliano.

Mchangiaji wa 3
Hapana, ndugu yangu, usimpotoshe mtu. Kifungu 137A kinataja kupunguza shitaka, kuondoa mengine, au kuahidi kutofungua mengine. Adhabu ni ya mahakama. Wanaweza kupendekeza, lakini kabla ya kurekodi, hakimu anamweleza mshtakiwa kiwango cha juu cha adhabu na cha chini cha lazima kama kipo, kwa sababu hicho kinaweza kumkuta. Akiyakataa makubaliano, anaandika sababu, mshtakiwa anahesabiwa amekana, na yaliyosemwa kwenye mazungumzo hayatumiki dhidi yake.

Mchangiaji wa 8
Nilizungumzia Tanzania.

Mchangiaji wa 1
Tanzania pia mahakama inaweza kukubali au kukataa. Hakimu hafungwi na peni ya wakili wa Serikali.

Mchangiaji wa 9
Mmesahau Septemba 2019? Rais Magufuli alitoa siku saba kwa wenye kesi za uhujumu uchumi wakiri na kurejesha fedha. Mkurugenzi wa Mashtaka akaripoti watu 467 na zaidi ya shilingi bilioni 107. Wengi wao mashitaka yalikuwa na utakatishaji wa fedha ndani yake, kosa lisilo na dhamana, na miezi ilikuwa inapita kwa wimbo mmoja wa "upelelezi haujakamilika". Huo ni uamuzi huru?

Mchangiaji wa 8
Aliyerudisha fedha alikuwa nazo. Asiye na hatia asingelipa.

Mchangiaji wa 9
Asiye na hatia akiwa mahabusu, duka limefungwa, watoto wamerudishwa nyumbani kwa ada, atauza shamba alipe atoke. Hilo linatokea popote kukiri kunapofungua mlango ambao dhamana imeufunga.

Mchangiaji wa 5
Hapa nakubaliana na wa 9. Ndiyo maana shitaka la utakatishaji lisilo na ushahidi wake ni la kupingwa lenyewe kwanza, lisiachwe liwe fimbo ya mazungumzo.

Mleta mada
Jamani turudi kwa yule mama. Vipi makosa yasiyoruhusiwa kabisa?

Mchangiaji wa 1
Tanzania: makosa ya kujamiiana yenye adhabu inayozidi miaka mitano au yanayomhusu aliye chini ya miaka 18, uhaini, ugaidi, na dawa za kulevya zenye thamani ya soko inayozidi shilingi milioni 20. Nyara za Serikali (kama meno ya tembo) zinazozidi thamani hiyo zinahitaji ridhaa ya maandishi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Mtu akikuambia anakupangia makubaliano ya kesi ya ngono inayomhusu mtoto, anakula hela yako.

Mchangiaji wa 3
Kenya: makosa yote ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mauaji ya kimbari, makosa ya kivita na makosa dhidi ya ubinadamu.

Mchangiaji wa 10
Kuna mshtakiwa mwenza? Ulizeni kama makubaliano yanamtaka anayekiri akatoe ushahidi dhidi ya mwenzake. Liandikwe wazi. Kauli aliyotoa kwa kiapo, akiigeuza, inaweza kumrudia kama shitaka la kusema uongo.

Mchangiaji wa 6
Na fidia. "Atamlipa mlalamikaji" haitoshi. Andikeni kiasi, tarehe, awamu ngapi, inalipwa wapi, na risiti inabaki kwa nani. Kenya msisahau kwamba kutiwa hatiani kunakuwa ushahidi wa mwisho kwenye kesi ya madai, kifungu 47A cha Sheria ya Ushahidi. Dereva aliyekiri anakwepa jela, anakutana na madai ya ajali ileile.

Mchangiaji wa 3
Nyongeza mbili za Kenya. Muda uliokaa rumande lazima uzingatiwe kwenye kifungo, kifungu 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa hiyo tarehe ya kukamatwa iwekwe ndani ya hati. Na kabla mahakama haijakubali kukiri kwako unaweza kujiondoa kwa sababu yoyote. Ikishakubali na adhabu haijatolewa, unahitaji sababu ya haki.

Mleta mada
Kwenye fidia, mlalamikaji naye anasaini?

Mchangiaji wa 3
Kama kuna kipengele cha fidia, ndiyo, Kenya anasaini. Hakikisheni amefika siku hiyo na kitambulisho chake.