Brick anachukia uongo, au anajichukia mwenyewe?

Msoma Tamthilia: Nimeirudia tamthilia ya Cat on a Hot Tin Roof ya Tennessee Williams. Brick anadai anakunywa kwa kuchoshwa na uongo wa watu. Baba yake, Big Daddy, anambana mpaka anatapika yote: rafiki yake Skipper alimpigia simu, amelewa, akamfungulia moyo, na Brick akamkatia. Hawakuzungumza tena mpaka Skipper akafa. Mzee anamwambia kinyaa chake cha uongo ni kinyaa cha nafsi yake mwenyewe. Nami nasema kapatia. Brick ni mlevi mwoga tu.

Kijiti: Hiyo "tu" imenikera. Umewahi kuishi na mlevi? Brick anakunywa akisubiri kile kitu kichwani kilie tik, atulie. Huyo ni mgonjwa.

Binti Saumu: Mnamkalia Brick kooni wakati mwongo wa kutupwa ni mkewe, Maggie! Anatangaza mbele ya ukoo kwamba ana mimba, na mumewe hata kitandani hamgusi. Kisha anamfungia pombe mpaka alale naye.

Mama Wawili: Dada, usimwonee. Maggie kakulia kwenye ufukara. Shemeji yake Gooper ana watoto watano, wa sita yuko tumboni, na kaja na rasimu ya kusimamia mali ya Big Daddy mfukoni, mzee hajafa! Ekari 28,000 za Mississippi. Angekaa kimya atupwe nje?

Binti Saumu: Kwa hiyo uongo wa aliyekuwa maskini ni halali? Sema wazi.

Msoma Tamthilia: Jamani, swali ni Brick.

Kijiti: Na hukumu ya mzee ina uzito gani? Sehemu ya tatu hata haonekani.

Mzee wa Jukwaa: Umesoma sehemu ya tatu ya awali, ndugu. Ilipochezwa Broadway mwaka 1955, mwongozaji Elia Kazan alitaka mzee arudi jukwaani na Brick aonekane kabadilika. Williams akaandika upya, kisha akachapisha zote mbili. Mimi naishika ya awali. Mtu aliyeoza hivyo habadiliki usiku mmoja.

Mama Wawili: Mimi kinachoniuma ni saratani ya Big Daddy. Watoto wanajua, wanamwacha baba yao aamini ni tatizo la utumbo tu. Mzee wa watu anaanza kupanga atakavyoishi!

Binti Saumu: Baba yangu tulimficha. Alicheka na wajukuu mpaka mwezi wa mwisho. Sijutii.

Mama Wawili: Alikuwa hajui, au alikuwa anawaficha nyinyi kwamba anajua?

Binti Saumu: Baba yangu humjui, muache apumzike. Tena aliyemwambia Big Daddy ukweli ni nani? Brick! Kwa hasira, kulipiza kwa sababu kaguswa habari za Skipper. Huo ndio ukweli mnaoutaka kitandani kwa mgonjwa?

Msoma Tamthilia: Angalau aliusema.

Binti Saumu: Aliutupa kama jiwe. Hilo silikubali, hata mkeshe hapa.