Je, balbu ya wati 250 inaweza kufungwa kwenye balasti ya wati 400?

Mtunza Ghala
Ndugu mafundi, ghala ninalolisimamia lina taa za metali halaidi za wati 400, na mwanga wake umezidi mahitaji yetu. Nimepata balbu za wati 250 za aina hiyohiyo, zenye kitako cha E40 kinachoingia kwenye holda bila shida. Je, nikibadilisha balbu peke yake na kuiacha balasti ya zamani, nitapunguza matumizi ya umeme?

Fundi wa Taa Kubwa
Ndugu, tafadhali usifanye hivyo. Kitako cha E40 hutumika kwa balbu za wati 250, za wati 400 na hata kubwa zaidi, kwa hiyo kuingia kwake kwenye holda hakuthibitishi lolote. Katika balbu hizi umeme hupita kwenye gesi na mvuke, na kadiri mkondo unavyoongezeka ndivyo ukinzani unavyoshuka, hata balbu ingejiteketeza mara moja kama isingekuwa na kitu cha kuudhibiti mkondo huo. Kazi hiyo ni ya balasti. Balasti yako imeundwa kupitisha zaidi ya ampea 3, ilhali balbu nyingi za wati 250 za aina hii huhitaji takriban ampea 2 tu. Umeme hutaokoa kama unavyotarajia, kwa sababu balbu ndogo italazimishwa kufanya kazi kupita uwezo wake: mrija wake wa ndani, ambao hata katika hali ya kawaida huwa na joto kali na shinikizo kubwa, utavimba na huenda ukapasuka. Ikiwa taa zenu hazina kioo cha kuzikinga kwa chini, vipande vya moto vitawaangukia watu.

Mkaguzi wa Umeme
Naunga mkono, na kinyume chake pia hakifai. Balbu ya wati 400 kwenye balasti ya wati 250 haipati joto la kutosha kuyeyusha ipasavyo chumvi za metali zilizo ndani ya mrija wake, hivyo rangi ya mwanga huharibika na mrija huingia weusi mapema. Aina ya balbu nayo izingatiwe, kwani balbu ya kawaida ya sodiamu haiwaki bila ignaita, yaani kifaa cha kuiwashia kinachotoa volti elfu kadhaa. Kwa vifaa vya mfumo wa Marekani, soma alama kwenye lebo: M59 ni metali halaidi ya wati 400, M58 ya wati 250, na S51 ni sodiamu ya wati 400. Alama ya balbu na ya balasti zilingane. Zipo balbu za sodiamu za wati 350 zilizotengenezwa mahususi kwa balasti ya taa za zebaki za wati 400, lakini mtengenezaji hulieleza hilo waziwazi.

Mtunza Ghala
Nashukuru sana. Basi njia salama ni ipi?

Fundi wa Taa Kubwa
Badilisha balasti, kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme ndani ya taa) na balbu kwa pamoja, pamoja na ignaita ikiwa balbu mpya inaihitaji, au ondoa taa nzima na kufunga ya LED. Kabla ya kugusa chochote zima umeme na uhakikishe kapasita imetolewa chaji, kwa maana huweza kubaki nayo hata baada ya swichi kuzimwa. Ukimaliza, bandika lebo mpya ya wati 250 mahali panapoonekana, ili fundi atakayekuja baadaye asirudishe balbu ya wati 400.