Shule ya kiangazi ya waandishi ya kulala hukohuko: laptopu, tableti au madaftari tu?

mwanagenzi_wa_hadithi
Wakuu habari zenu. Nimepata nafasi shule ya kiangazi ya waandishi, ile ya kulala hukohuko wiki nzima, asubuhi madarasa, mchana mnakaa kwenye duara mnasomeana kazi na kukosoana, usiku kila mtu ajue pa kuandikia. Chumba nalala na mtu nisiyemjua. Nasafiri kwa ndege na begi moja tu kwa hiyo lazima nichague: (a) laptopu yangu, nzima ila nzito na betri yake haikai, (b) tableti na kibodi ndogo ya pembeni, (c) madaftari na kalamu basi. Naenda na hadithi fupi moja ya kusomwa na riwaya ambayo iko katikati. Mliowahi kwenda mlibeba nini?

kibodi_moto
Laptopu mkuu, hapo hakuna mjadala. Mtu una riwaya nusu halafu uende na daftari, ukiulizwa huyu mhusika sura ya pili alikuwa na kovu mkono upi utajibu nini? Kwenye laptopu unatafuta neno unalipata hapohapo, afu maoni ya warsha unayafanyia kazi usiku uleule yakiwa bado ya moto. Betri sio kesi, beba ekstensheni yenye matundu manne maana vyumba vya namna hiyo soketi huwa moja na iko nyuma ya kitanda.

wino_mweusi
Mjadala upo sana tu. Darasani mi siifungui laptopu kabisa. Mkufunzi akisema andikeni dakika kumi bila kusimama, mwenye kibodi anaandika sentensi moja anaifuta, anaandika tena anaifuta, dakika zinaisha ana mistari mitatu misafi isiyo na uhai. Mwenye kalamu anakata mstari anasonga mbele, na kile alichokikata bado kipo anaweza kukirudia. Halafu kwenye duara, mwenzako anasoma kazi yake huku sauti inatetemeka we umejificha nyuma ya skrini, hata kama unaandika maoni yake yeye anaona unachati. Kwangu (c), daftari la A5 jalada gumu ili uandikie magotini.

kibodi_moto
Na hayo maandishi ya magotini nani atayachapa ukirudi? Umejiongezea kazi bana.

wino_mweusi
Kuyachapa ndo rasimu ya pili yenyewe ndugu yangu. Huko ndiko upuuzi unakoanguka.

dada_mhariri
Nyie mnabishana kifaa, mimi nauliza karatasi. Mwanagenzi, hiyo hadithi yako itakayosomwa umeshaichapa nakala? Maana watu wanadhani watachapa wakifika, kumbe printa ni moja iko ofisini, foleni ya watu wote na wino umeisha. Fanya hesabu nyumbani. Ukurasa wa A4, herufi za saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, unabeba maneno kama 250 hadi 300. Hadithi ya maneno 2,000 ni kurasa saba au nane. Duara la watu kumi na wawili unazungumzia karatasi 96 hivi ukichapa upande mmoja. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ile A4 moja ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo mzigo wote haufiki nusu kilo. Hiyo inabebeka. Riwaya nzima ya kurasa 300 ni kilo moja na nusu, hiyo acha, ibaki kwenye fleshi, chapa sura ya kwanza tu na muhtasari wa ukurasa mmoja, kwa sababu ukipata dakika chache za kukaa na mhariri au wakala wa waandishi ndicho atakachosoma.

Na weka namba za kurasa jamani. Mtu anakwambia pale kwenye aya ya bibi kuna tatizo, watu wote wanapekua hawajui ni wapi.

mwanagenzi_wa_hadithi
Dada asante sana, nakala sikuwa nimezifikiria kabisa, nilijua nitawatumia kwa simu. Upande mmoja lazima? Si naweza kupunguza karatasi?

dada_mhariri
Unaweza, ila upande wa nyuma ndipo watu wanakoandika maoni marefu. Yale ya pembeni ni ya koma na nukta, yale ya nyuma ndo utakayoyasoma tena baada ya mwezi. Nafasi mbili pia usibane, mtu akikosa pa kuandika hakuandikii.

rubani_wa_kiti
Kwa kuwa unapanda ndege: pawabenki inakaa begi la mkononi, usithubutu kuiweka kwenye begi la chini. Mashirika mengi kikomo ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa. Ya mAh 20,000 unazidisha na volti 3.7 kisha unagawa kwa 1,000 inakuja wati-saa 74, hiyo salama. Lakini angalia, sio kila pawabenki inachaji laptopu, za kawaida zinatosha simu na tableti tu, kwa hiyo kwa betri yako hiyo mbovu (b) ina maana zaidi. Mengine haraka haraka: adapta ya soketi ya nchi unayoenda, na muswada na dawa zako viwe mkononi, begi likipotea nguo utaazima, muswada hutaazima.

Kama una kalamu ya wino wa kujaza, hewa ndani ya tangi la wino inatanuka ndege ikipanda na inausukuma wino nje. Ijaze hadi juu au imwage kabisa, na ncha itazame juu. Au beba za kawaida tu za kubonyeza, tano, zitaazimwa zote.

mzee_wa_tamthilia
Vijana mmesahau kuwa kuna kulala. Chumba cha watu wawili mmoja atakoroma, na kama si yeye basi ni wewe. Vizibo vya masikio beba, na kitaa kidogo cha kuvaa kichwani au cha kubana kwenye daftari, mwenzio akizima taa wewe unaendelea. Na hapo ndipo kibodi inapokosa adabu, usiku ta-ta-ta-ta saa nane, mtu wa watu anataka kulala. Ndala za bafuni, sweta hata kama wanasema kiangazi kwa sababu kumbi hizi zina baridi zake, na uliza mapema taulo na mashuka wanatoa au unakwenda nayo. Vitabu usijaze, utanunua vya wenzako ukiwa huko na begi litarudi limevimba.

mwanagenzi_wa_hadithi
Shikamoo mzee. Hiyo ya kibodi usiku imenigusa, mi ni mtu wa usiku kweli.

mzee_wa_tamthilia
Marahaba. Basi tafuta sebule au maktaba yao, mara nyingi haifungwi mapema. Au andika kwa mkono, kalamu haina kelele.

msimulizi_wa_jukwaani
Nakuja kwa kuchelewa ila mmeacha kitu. Jioni huwa kuna wasaa wa kusoma jukwaani, dakika tatu hadi tano kwa mtu. Chapa kipande kimoja kifupi peke yake, herufi saizi 14 au 16, taa za jukwaani hazina huruma. Kusoma kwenye simu usijaribu, skrini inazima katikati ya aya ya kusikitisha, watu wanacheka.

Kwenye ulinganisho mi niko (b) pamoja na (c). Tableti inashika riwaya yote na vitabu vya kusoma, daftari linashika darasa na duara. Udhaifu wa tableti ni kuhamisha sura, kukata huku kupachika kule kwenye faili refu ni mateso, kwa hiyo kama mpango wako ni kupangua riwaya upya huko, sikiliza kibodi_moto. Kama ni kuandika vipya, huihitaji laptopu.

kibodi_moto
Sawa nakubali nusu. Ila akienda na tableti afungue faili zote nje ya mtandao KABLA hajaondoka, waifai ya watu wote jioni inakuwa jina tu. Na nakala ya riwaya iwe sehemu mbili, fleshi mfukoni na barua pepe.

mwanagenzi_wa_hadithi
Nimeamua basi, tableti, madaftari mawili ya A5, nakala kumi na mbili za hadithi, sura ya kwanza, vizibo. Kupangua riwaya nitafanya nikirudi. Swali la mwisho, madaftari ya mistari au matupu?

wino_mweusi
Mistari. Matupu ni ya wachoraji.

dada_mhariri
Yoyote, ila acha ukurasa wa kushoto wazi. Na klipu za kubania karatasi usisahau, stepla inawasumbua watu wakitaka kulinganisha kurasa mbili.