Mtoto wa miezi mitano, lugha mbili: Kiswahili tunakiingizaje?

Kutoka: Mama wa Chang'ombe, sasa Leicester, Uingereza

Mbukwenyi nyote. Wakubwa shikamooni.

Naomba uzoefu wenu. Mwanangu ametimiza miezi mitano. Mimi ni wa Dodoma, mwenzangu ni Mwingereza, na Kiswahili chake ni cha kusalimia na kuomba chai. Huwa namwanza mtoto kwa Kiswahili, halafu najikuta nimesharudi kwenye Kiingereza bila kujua nimerudi saa ngapi. Wiki iliyopita mhudumu wa afya aliyekuja nyumbani kumpima akanishauri nishike lugha moja kwanza mtoto asije akachanganyikiwa, hiyo nyingine ifuate akianza shule. Nilinyamaza, lakini usiku sikulala. Mama yangu hajui Kiingereza. Nikifuata ushauri ule, mtoto na bibi yake watazungumza kwa lugha gani?

Halafu hapa tumepewa vitabu vya bure vya watoto, vyote vya Kiingereza. Kila mtu ananiambia soma, soma. Vya Kiswahili mnapata wapi? Na kweli mtoto wa miezi mitano anaambulia nini kwenye kitabu?


Kutoka: Dada wa Nkuhungu (Coventry, ila niko likizo nyumbani)

Mdogo wangu, pole. Nakuandikia nikiwa Dodoma kwa mama, na binti yangu wa miezi kumi na minne. Upepo unapiga mabati tangu asubuhi na vumbi halitoki nje wala halitoki ndani, kwa hiyo tumeshinda kwenye mkeka na vitabu.

Nianze na ushauri uliopewa, kwa sababu na mimi nilipewa huohuo na nikautii miezi mitatu. Nainung'unikia miezi ile mpaka leo. Mtoto hachanganyikiwi na lugha mbili. Mwaka 2010 watafiti wa Vancouver, Kanada, walichapisha kazi yao juu ya vichanga wa siku chache ambao mama zao walizungumza Kiingereza na Kitagalogi (lugha ya Ufilipino) wakati wa mimba. Vichanga wale walivutiwa na lugha zote mbili, na bado waliweza kuzitofautisha. Yaani walianza kuzizoea wakiwa tumboni. Na sisi wenyewe je? Mtaani kwetu nani alikua na lugha moja? Kwa bibi ni Cigogo, ukitoka mlangoni ni Kiswahili, jirani ni Mrangi, na ukifika sekondari unakutana na Kiingereza. Hakuna aliyetuona wagonjwa.

Akija kukuchanganyia, nusu ya sentensi huku na nusu kule, usishtuke. Anachukua neno lililo karibu na mkono. Ukihesabu maneno anayoyajua, jumlisha ya lugha zote mbili, usimpime kwa Kiingereza peke yake kana kwamba hayo mengine hayapo. Cha kukupeleka hospitali ni kingine: mwaka unafika habwabwaji, au ukimwita hageuki. Hapo apimwe masikio, na usikubali waseme ni lugha mbili kabla ya kumpima.

Sasa kwa nini usisubiri shule. Mtoto mchanga anazipambanua sauti ambazo hata wewe na mimi hatuzisikii tena. Mfano unaojulikana sana ni wa Kijapani: akiwa na miezi sita mpaka minane mtoto wa Kijapani anatofautisha r na l sawa na mtoto wa Kimarekani, lakini akifika miezi kumi mpaka kumi na miwili uwezo huo unapungua, kwa sababu lugha anayoisikia haiuhitaji. Mlango haufungwi kabisa, watu wazima wanajifunza lugha kila siku, ila kwa jasho. Wako ana miezi mitano. Akisikia ng'ombe, nyanya, mbuzi na ghala sasa hivi, anazichukua bila kufundishwa. Kiingereza hakina neno linaloanza na ng'. Asipoisikia kwako, ataisikia kwa nani hapo Leicester?

Lakini nisikudanganye: asisikie kwenye simu ikiwa imeegemezwa kwenye mto. Mimi nilimwekea katuni za Kiswahili nikiwa napika, nikajua nimetimiza wajibu. Baadaye nikasoma jaribio la Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, la mwaka 2003. Walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa, wakawakutanisha na watu wanaozungumza Kichina cha Mandarin. Watu hao walikaa nao sakafuni, wakacheza nao na kuwasomea vitabu, vipindi 12 tu. Watoto wale wakazishika sauti za Kichina. Kundi jingine likaoneshwa watu walewale na vitabu vilevile kwenye televisheni. Hawakuambulia kitu. Sauti ni ileile, maneno ni yaleyale, ila televisheni haimsubiri mtoto anapogeuka, wala haimjibu anapoguna.

Hilo sikulielewa vizuri mpaka nilipomwona mama yangu juzi. Nilikuja na kitabu kimoja kutoka huko, cha karatasi ngumu, cha wanyama wa shambani. Mama hasomi Kiingereza, na Kiswahili anakisoma kwa shida. Akampakata mtoto, akafungua ukurasa wa mbuzi. Hakufika ukurasa wa pili. Huyu mbuzi ni wa nani? Mbona yuko peke yake, wenzake wamekwenda kunywa? Eti unasemaje, ana kiu? Haya, tumpe maji. Mtoto anaguna, bibi ananyamaza, anamsikiliza mpaka amalize, ndipo anajibu. Baadaye akahamia kwenye Cigogo, akamsimulia mbuzi wa baba yake kule Bahi aliyekuwa akirudi nyumbani peke yake jioni. Dakika kumi na tano kwa picha moja! Mimi kitabu hicho nilikuwa nakimaliza kwa dakika mbili na kukirudisha kwenye rafu.

Kwa hiyo swali lako la vitabu vya bure: vifungue, usome picha kwa Kiswahili. Maandishi ya Kiingereza mwachie baba yake. Mtoto wa miezi mitano hafuati hadithi. Anafuata sauti yako inavyopanda na kushuka, uso wako, na kidole chako kinapogusa picha. Ataking'ata kitabu, mwache aking'ate. Akichoka, funga. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinamtosha kuliko nusu saa ya kumlazimisha.

Vya Kiswahili vipo, ila vya umri huo ni vichache, hilo nakiri. Madukani hapa mjini nimekuta zaidi vya shule. Nilichofanya, nimechukua hadithi za Kiswahili kwenye tovuti ya African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini. Unazipakua bure na ruhusa ya kuchapa ipo. Nikaenda steshenari, wakanichapia kwa rangi, kila ukurasa ukapigwa laminesheni, pembe zikakatwa mviringo zisimchome. Ninavyo saba kwenye begi. Ukitaka, nikirudi nakuletea viwili.


Kutoka: Baba mapacha, Minnesota

Dada wa Nkuhungu umenena. Naongezea la upande wa baba, maana humu tunaandika wachache.

Mke wangu ni wa hapa. Tulianza na ule utaratibu wa mzazi mmoja lugha moja. Si jambo geni. Jules Ronjat, mtaalamu wa lugha wa Ufaransa, aliandika kitabu mwaka 1913 juu ya mwanawe Louis, baba akimsemesha Kifaransa na mama Kijerumani. Tatizo langu ni kwamba natoka kazini saa kumi na mbili jioni na watoto wanalala saa mbili usiku. Kiswahili chao ni cha saa mbili kwa siku, na saa yenyewe moja ni ya kuoga na kula. Mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Annick De Houwer, aliwahi kukusanya habari za familia karibu 1,900 za Flanders, kaskazini mwa nchi hiyo. Takriban robo ya watoto waliokuwa wakisikia lugha mbili nyumbani hawakuzungumza ile isiyo ya nchi. Kwa hiyo utaratibu peke yake hauleti lugha. Kinacholeta ni wingi wa saa na idadi ya midomo.

Tulichobadilisha: kuoga ni Kiswahili, hata mama yao. Amejifunza maneno ya bafuni tu, inua mkono, fumba macho, maji ya moto, maji ya baridi, tayari. Mwanzoni aliona haya kwa matamshi yake. Watoto hawakuona kasoro yoyote. Sasa wana miaka miwili na nusu, na wakisikia maji yanafunguliwa wanabadilisha lugha wenyewe.

Na kitabu kilekile kila usiku. Mimi nilikuwa nachoka, nataka kipya. Wao wanataka kilekile, na nimeona maneno wanayoyatamka ni ya kitabu nilichokisoma mara hamsini, si cha mara moja.


Kutoka: Mwalimu mstaafu, Kikuyu, Dodoma

Wanangu, marahaba. Nimefurahi kuwasoma. Nilifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kila likizo wanaletwa hapa wajukuu wa kutoka nje. Nawasikia.

Kinachowapiga chenga si maneno, ni ngeli. Wanasema "kitabu yangu imeanguka". Mtoto wa hapa wa miaka mitatu hasemi hivyo, na hakuna aliyemfundisha. Amesikia kitabu changu kimeanguka, kikombe changu kimevunjika, kiatu changu kimepotea, kila siku, mpaka ile ki- ki- ki- ikakaa sikioni kama ngoma. Kiswahili chenyewe kinajirudia, kinamsaidia mtoto. Lakini lazima asikie sentensi nzima. Nyinyi wengi mnawasemesha watoto neno mojamoja: kitabu! kikombe! kiatu! Kama mnataja bidhaa gengeni. Sema sentensi, hata kwa mtoto wa miezi mitano. Hiki hapa kikombe chako, kimejaa maji, kishike.

Na sauti mliyosomewa nyinyi msiiache. Ukisema "Hadithi, hadithi!" mwitikie mwenyewe "Hadithi njoo!" kwa niaba yake, huku ukimtazama. Siku moja atawahi yeye. Wa kwangu aliwahi akiwa na mwaka na miezi minne, alisema "njo" tu, nikalia.

Wewe wa Leicester, mama yako yuko Chang'ombe, ana simu. Saa kumi na mbili jioni ya huko ni saa mbili usiku hapa, na kipindi cha baridi ya huko ni saa tatu, bado hajalala. Simu ya picha si sawa na katuni, kwa sababu bibi anamwona mtoto na anamjibu. Hata madaktari wa watoto wa Marekani, waliposhauri mwaka 2016 mtoto asitazame skrini kabla ya miezi kumi na minane, simu ya picha waliiruhusu. Wewe kaa pembeni ya mtoto, useme "Bibi anakuuliza, mjibu." Mnunulie mama bando la wiki.


Kutoka: Mama wa Chang'ombe, Leicester

Shikamoo Mwalimu. Ahsante dada, ahsante kaka.

Jana nimejaribu. Nilishika kitabu cha bata upande wangu, mama akashika simu upande wake, nikampa mtoto aone picha, kisha nikamwonesha mama. Mama akasema, "Bata huyu anakwenda wapi na jua hili?" Mtoto akapiga mateke, akatoa sauti ndefu ambayo sijawahi kuisikia. Mama akamjibu, "Ala! Kisimani?" Wakaendelea hivyo mpaka bando likaisha.

Mume wangu alikuwa mlangoni anatazama. Ameniuliza kisima maana yake nini, nimemwandikia kwenye karatasi, ameibandika kwenye friji. Tumekubaliana asubuhi na kuoga ni Kiswahili, vitabu vya jioni anasoma yeye kwa Kiingereza.

Dada, nahitaji viwili vya laminesheni. Kimoja kiwe na mbuzi.