Nimeambiwa niwekewe kifaa cha umeme mgongoni kwa ajili ya maumivu ya neva, aliyewahi naomba anisaidie

Tumaini_K

Habari za saa hizi wapendwa, naombeni mnisome hadi mwisho. Nilifanyiwa operesheni ya diski miaka 4 iliyopita, mgongo wenyewe umetulia ila mguu wa kushoto haujanipa amani tangu siku ile. Kuanzia pajani kwa nyuma mpaka kidole gumba unawaka kama umemwagiwa maji ya moto, usiku shuka likigusa unyayo tu nashtuka, siku hizi nalala mguu ukiwa nje ya shuka hata kuwe na baridi vipi. Dawa nimemeza mpaka nimechoka, zile za neva zinanilewesha mchana kutwa, sindano za mgongoni nimechomwa mara 3, mazoezi nafanya mpaka leo. Picha ya MRI imerudiwa, daktari anasema hakuna cha kukata tena, neva ndiyo iliyoumia na inapeleka taarifa za maumivu kwenye ubongo wakati hakuna kinachoiumiza.

Sasa wiki iliyopita kaniambia kuna kifaa kinafanana na kile wanachowekewa wagonjwa wa moyo, waya unaingizwa mgongoni karibu na uti, betri inakaa chini ya ngozi hapo juu ya kalio. Kabla ya kuwekewa moja kwa moja nitajaribishwa wiki moja betri ikiwa nje. Mume wangu anaogopa nisije nikapooza. Mimi ninachoogopa ni kutumaini tena halafu isifanye kazi, maana kila tiba nilianza na matumaini na kila moja imeniangusha.

Naombeni mnieleze, kinafanyaje kazi hasa? Maumivu yanaisha kabisa? Hiyo wiki ya majaribio niangalie nini? Na kuna mtu ambaye kimemshinda? Nambieni ukweli wote tafadhali.

mama_wawili

Pole sana dada, hiyo ya shuka umenikumbusha mbali, mimi ilikuwa soksi. Ninacho mwaka wa 6 sasa, tatizo langu ni kama lako, mguu baada ya operesheni ya mgongo.

Siku ya waya unalala kifudifudi, wanakuchoma ganzi mgongoni na kukupa dawa kidogo ya kukutuliza lakini hawakulazi kabisa, kwasababu wanataka uongee. Sindano inaingia, wanaangalia kwenye skrini ya eksirei waya unavyopanda, halafu wanawasha. Daktari ananiuliza unasikia wapi, namwambia mbavuni, anasogeza kidogo, sasa hivi? Pajani. Sasa? Nikasikia kitu kama mguu uliokufa ganzi unavyorudi lakini bila kuuma, kikashuka taratibu kikafunika goti, kikafunika muundi, kikafika unyayoni pale pale panapowaka. Nililia pale kitandani dada, si kwa maumivu, ni kwamba kwa mara ya kwanza kuna kitu kingine kimefika mahali pale zaidi ya moto.

Yanaisha kabisa? Hapana. Yangu yalikuwa 8 kwa 10, sasa ni 3, siku mbaya 5. Dawa za neva nimepunguza ila sijaacha.

Mambo ambayo sikuambiwa mapema: ukikohoa au ukilala chali umeme unaruka ghafla unakuwa mkali, kwasababu uti unasogea karibu na waya, hapo unapunguza kwa rimoti. Kuchaji, mimi nachaji mara moja kwa wiki, nafunga mkanda kiunoni nakaa kama saa nzima na ngozi inapata joto pale. Na lingine la muhimu sana, mwezi wa pili niliinama nikanyanyua ndoo, nikasikia umeme umehama mguuni umekuja tumboni. Eksirei ikaonyesha waya umeshuka, nikarudi kufunguliwa upya. Wakikwambia usiiname, usijizungushe, usibebe kitu kizito kwa wiki 6, wasikilize, waya unahitaji muda nyama iushike.

Subira_M

Mimi ndio yule ambaye kimemshinda, kwahiyo nisome mdogo wangu, sikukatishi tamaa.

Majaribio yangu yalienda vizuri sana, nikasema maumivu yamepungua zaidi ya nusu, wakaniwekea. Mwaka wa kwanza nilikuwa na raha. Mwaka wa pili nafuu ikaanza kuyeyuka, nikawa narudi wanabadilisha programu, napata wiki 2 nzuri, inarudi palepale. Mwaka wa tatu nikaomba kitolewe, na betri nayo ilikuwa inaniuma kila nikiegemea kiti kigumu. Kilitoka bila shida, nashukuru.

Nimekaa nikajiuliza nilikosea wapi. La kwanza, maumivu yangu makubwa yalikuwa kiunoni penyewe, mguu ulikuwa kidogo tu, na nimekuja kujua baadaye kwamba kifaa kinashika zaidi maumivu ya neva ya mguuni kuliko mgongo wenyewe. La pili ndilo linaniuma zaidi. Wiki ile ya majaribio nilikaa nyumbani, nimelala, familia inanihudumia, siinuki siendi popote, sasa nani hapungui maumivu akihudumiwa hivyo? Nilipima mapumziko nikadhani nimepima kifaa. Wewe usifanye hivyo. Ndani ya masharti waliyokupa fanya yale yanayokutesa kila siku, simama jikoni muda ule ule uliokuwa unakushinda, kaa kwenye kiti, tembea mpaka pale unapoishiaga, lala na shuka juu ya mguu.

nesi_wa_kliniki

Nafanya kazi kliniki ya maumivu, nimekaa na wagonjwa wa hivi vifaa miaka mingi. Tumaini, ushauri wa huyo mzee hapo juu kuhusu wiki ya majaribio ni dhahabu.

Kinafanyaje kazi. Mwaka 1965 Melzack na Wall walieleza kwamba ndani ya uti kuna kitu kama geti, taarifa za mguso zikipita kwa wingi zinabana njia ya taarifa za maumivu, ndio maana ukijigonga unasugua pale mahali bila hata kufikiri. Mwaka 1967 daktari Norman Shealy kule Marekani akamwekea mgonjwa kifaa cha kwanza akifuata wazo hilo. Waya haugusi uti wenyewe, unakaa nje ya utando unaoufunika. Vifaa vya kawaida vinapiga kama mara 40 hadi 60 kwa sekunde na ndiyo hiyo ganzi anayoisema mama_wawili. Kuna vingine vinapiga mara 10,000 kwa sekunde, Marekani viliruhusiwa 2015, hivyo husikii chochote, na ndio hapo geti peke yake halitoshi kueleza kila kitu.

Kuhusu ushahidi nitakuwa muwazi kwako maana umeomba ukweli. 2007 kulitoka utafiti wa watu 100 wenye tatizo kama lako kabisa, mguu baada ya operesheni ya mgongo. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya nusu au zaidi mguuni walikuwa asilimia 48 kwa wenye kifaa na asilimia 9 kwa wasio nacho. Inavutia, ila karibu theluthi moja walipata shida ya kifaa ndani ya mwaka, waya kuhama, maambukizi, mambo hayo. Halafu kila mtu alikuwa anajua kama ana kifaa au hana. 2022 watafiti wa Norway wakachukua watu 50 wenye tatizo hilo hilo, wote wamewekewa kifaa, wakawa wanapishanisha, miezi 3 umeme umewashwa, miezi 3 umezimwa, na mgonjwa hajui. Walitumia aina moja tu ya umeme, ule unaopiga kwa mafungu mafungu badala ya mfululizo, na hawakuona tofauti ya maana. Kwahiyo madaktari wenyewe bado wanabishana. Mimi nimeona watu wamerudi kazini na nimeona walioomba kifaa kitolewe, ndio maana nakuomba usipime kwa namba ya maumivu peke yake. Anza daftari wiki 2 KABLA ya majaribio: umelala kwa masaa mangapi, umetembea dakika ngapi, umesimama dakika ngapi, vidonge vingapi. Endelea nalo wiki ya majaribio, ukifika siku ya mwisho daftari ndilo litaongea.

Mume wako mwambie kupooza ni nadra mno, lakini nadra siyo haipo, damu ikivujia ndani inaweza kuukandamiza uti. Mguu ukilegea ghafla au mkojo ukagoma, hiyo ni kukimbia hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri asubuhi. Kama unatumia dawa za kulainisha damu waambie mapema. Na uulize kama kifaa chako kinaruhusu MRI, vingine vina masharti, utaihitaji huko mbele.

Wakikupeleka kwa mwanasaikolojia usikasirike, hakuna anayesema maumivu ni ya kichwani mwako. Wanaangalia kama una msongo wa kutibiwa kwanza, kwasababu unaathiri matokeo.

Tumaini_K

Nimewasoma wote na mume wangu amesoma pembeni yangu, mzee Subira umemfanya anyamaze kabisa kwenye hiyo ya kupima mapumziko. Tumekubaliana nijaribu, na yeye ameahidi wiki hiyo hatanizuia kusimama jikoni. Daftari nimeanza leo. Nimesimama dakika 11 kisha nikatafuta kiti, usingizi wa jana ulikuwa wa masaa 3 na nusu, nimeandika hivyo hivyo. Swali la mwisho, ikifika siku ya mwisho nafuu ikawa ni kidogo tu, naweza kukataa?

nesi_wa_kliniki

Unaweza, na wapo wanaokataa. Waya wa majaribio unavutwa pale pale kliniki, dakika chache tu. Kliniki nyingi zinatumia kipimo cha nusu, nafuu isipofika nusu haziendelei kuweka kifaa.

mama_wawili

Na hiyo wiki usioge dada, futa mwili kwa kitambaa tu, bandeji isilowe. Vaa gauni pana lisilo na mkanda, waya unapita kiunoni. Usiku wa kwanza muombe mume alale upande wa pili ule usio na betri. Utuambie.