Naomba ushauri: jina Perpetua kwa mtoto wa siku hizi

Habarini ndugu zangu, niko Arua. Mke wangu kajifungua binti, na mama anataka aitwe Perpetua kama marehemu bibi. Jina ni la Kilatini, la yule shahidi aliyeuawa Karthage mwaka 203 pamoja na Felisita, sikukuu yao 7 Machi na mtoto naye kazaliwa wiki hiyohiyo, basi mama kashika hapo haachii. Mke anasema hilo jina la masista na mabibi wa kanisani, wenzake wote ni kina Tracy na Precious. Nimependekeza libaki la ubatizo tu, mama kanuna mpaka chai yangu hanywi.

Mwenye Perpetua mdogo, mnamfupishaje asichekwe shuleni? Na kwenye cheti cha kuzaliwa nikilitanguliza jina lingine, padri atakuwa na neno?